Simone Signoret: Uso Ulioachwa Uzeeke

Simone Signoret alizaliwa tarehe 25 Machi 1921 katika mji wa Wiesbaden, Ujerumani, wakati majeshi ya Ufaransa yalipokuwa yakilikalia eneo la mto Rhine baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Jina alilopewa na wazazi wake ni Simone Henriette Charlotte Kaminker. Baba yake, André Kaminker, alitoka katika ukoo wa Wayahudi wa Poland na alikuwa mkalimani mashuhuri, mmoja wa watu wa mwanzo kufasiri hotuba papo hapo msemaji akiwa bado anasema. Mama yake, Georgette Signoret, alikuwa Mfaransa Mkatoliki. Familia ilihamia Neuilly-sur-Seine, mji wa watu wenye nafasi unaopakana na Paris, na huko ndiko Simone alikokulia pamoja na wadogo zake wawili wa kiume. Kiingereza alikijua tangu ujanani, na miaka mingi baadaye lugha hiyo ndiyo iliyomfungulia milango ya London na Hollywood.

Wajerumani walipoiteka Ufaransa mwaka 1940, baba alikimbilia London kujiunga na watu wa Jenerali de Gaulle. Mzigo wa kumlisha mama na wadogo zake ukamwangukia binti wa miaka 19. Alipata kazi ya ukarani katika gazeti la Les Nouveaux Temps, mali ya Jean Luchaire, lililokuwa likiwaunga mkono Wajerumani. Mwenyewe hakulificha jambo hilo. Alipoandika kumbukumbu zake alilieleza wazi, pamoja na aibu yake. Baada ya muda aliiacha kazi hiyo na kuingia katika kundi la waandishi, wachoraji na waigizaji waliokutana Café de Flore, katika mtaa wa Saint-Germain-des-Prés. Kwa maelezo yake mwenyewe, maisha yake ya kweli yalianzia katika mkahawa huo.

Kuingia kwenye filamu hakukuwa rahisi. Sheria za wakati ule ziliwazuia Wayahudi kufanya kazi za sinema, na binti wa Kaminker hakuweza kupata kibali. Akachukua jina la mama yake na kuambulia vijisehemu visivyohitaji makaratasi mengi. Katika Les Visiteurs du soir, filamu ya Marcel Carné ya mwaka 1942, yumo miongoni mwa umati tu. Kwa miaka kadhaa alijifunza kazi akiwa pembeni, akiwatazama wakubwa.

Vita vilipokwisha, mtu aliyempa nafasi za mbele alikuwa mwongozaji Yves Allégret. Walizaa binti, Catherine, mwaka 1946, wakaoana mwaka 1948 na kuachana mwaka uliofuata. Allégret alimwongoza katika Dédée d'Anvers (1948), hadithi ya kahaba wa bandari ya Antwerp, na katika Manèges (1950), ambamo anaigiza mke anayemkamua mumewe mali yake yote kwa hila. Mwaka huohuo wa 1950, Max Ophüls alimpa nafasi ya kahaba anayeufungua na kuufunga mzunguko wa wapenzi katika La Ronde. Hapo hatari ilikuwa dhahiri. Watengenezaji filamu walikwisha kumwona kuwa mwanamke mzuri wa mitaani, mwenye midomo minene na macho mazito, na waigizaji wengi wa sura hiyo hutumiwa kwa miaka 10 kisha hutupwa. Kinachostaajabisha katika historia ya Signoret ni jinsi alivyokipasua kifungo hicho bila kuwakana wanawake hao. Kahaba wa mwisho aliyemwigiza, mwaka 1977, ndiye aliyempa heshima kubwa kuliko zote nchini kwake.

Agosti 1949, katika hoteli ya La Colombe d'Or huko Saint-Paul-de-Vence, kusini mwa Ufaransa, alikutana na mwimbaji Yves Montand, mtoto wa wahamiaji wa Kiitaliano aliyekulia Marseille. Walioana Desemba 1951 na hawakutengana mpaka kifo. Mapenzi hayo nusura yamkoseshe filamu iliyomjenga, kwa kuwa hakutaka kuondoka ubavuni mwa Montand kwenda kupiga picha. Filamu hiyo ilikuwa Casque d'or ya Jacques Becker.

Casque d'or, maana yake kofia ya dhahabu, lilikuwa jina la utani la Amélie Élie, kahaba wa Paris ambaye nywele zake za rangi ya dhahabu zilijulikana jiji zima mwaka 1902, baada ya wanaume wa magenge mawili kumwagiana damu kwa ajili yake. Becker aliichukua habari hiyo ya magazeti na kuifanya hadithi ya mapenzi ya watu wa chini. Signoret anaigiza Marie, Serge Reggiani ni Manda, fundi seremala aliyewahi kufungwa. Maneno ni machache. Marie anampenda Manda tangu wanapocheza dansi mara ya kwanza, na mtazamaji anaelewa hivyo kwa jinsi anavyoendelea kumtazama huku akizungushwa na mwanamume mwingine. Mwishoni, Marie anakodi chumba chenye dirisha linaloelekea ua wa gereza ili amwone mpenzi wake akipelekwa kukatwa kichwa. Kamera inabaki usoni pake. Halii wala hapigi kelele. Kichwa chake kinainama taratibu, basi. Hakuna aliyewahi kuonyesha msiba kwa harakati ndogo zaidi ya hiyo, na tangu siku hiyo Signoret alijua kwamba akizuia, mtazamaji hujaziliza mwenyewe.

Filamu ilipotoka mwaka 1952, Wafaransa hawakuipenda. Waingereza ndio waliotambua thamani yake wakampa Signoret tuzo yao ya BAFTA ya mwigizaji bora wa kigeni. Athari yake ilivuka bahari pia: mpiga piano kijana wa Marekani, Eunice Waymon, alipotafuta jina la jukwaani la kumficha mama yake kwamba anaimba kwenye baa, alichukua jina la Simone kutoka kwa mwigizaji huyo. Ulimwengu unamjua kama Nina Simone.

Miaka iliyofuata ilimwonyesha akibadilika kwa makusudi. Mwaka 1953 alikuwa Thérèse Raquin katika filamu ya Carné iliyotokana na riwaya ya Émile Zola, mke aliyebanwa katika duka la vitambaa la familia ya mumewe. Mwaka 1955 Henri-Georges Clouzot alimkata nywele na kumvika miwani ya jua, akamfanya Nicole, mwalimu mkavu wa shule ya bweni ambaye anashirikiana na mke wa mwalimu mkuu kumuua mwalimu mkuu huyo. Les Diaboliques iliwatia hofu watazamaji kiasi kwamba mwishoni mwongozaji aliweka maandishi ya kuwaomba wasiwasimulie wengine ilivyoishia. Mwaka 1956 alikwenda na Luis Buñuel hadi kwenye msitu wa La Mort en ce jardin.

Wakati huohuo alikuwa akipanda jukwaani. Katika msimu wa 1954 hadi 1955, yeye na Montand waliigiza mjini Paris tamthilia ya Arthur Miller kuhusu kesi za wachawi wa Salem, iliyotazamwa na kila mtu kama jibu kwa msako wa wakomunisti uliokuwa ukiendelea Marekani. Filamu yake, Les Sorcières de Salem (1957), iliyoandikwa na Jean-Paul Sartre, ilimletea BAFTA ya pili. Siasa hapa haziwezi kutengwa na kazi. Mwaka 1950 wote wawili walikuwa wametia saini Wito wa Stockholm wa kupinga silaha za nyuklia, na kwa sababu hiyo Marekani haikuwa ikiwakaribisha. Baada ya vifaru vya Kisovyeti kuingia Hungary mwishoni mwa 1956, walikubali hata hivyo kwenda kwenye ziara ya maonyesho iliyokwisha kupangwa Moscow na Ulaya ya Mashariki. Walilaumiwa na pande zote. Huko walikula chakula cha jioni na kiongozi wa Kisovyeti, Khrushchev, na wenzake, wakamweleza kinagaubaga kuhusu Hungary, na imani yao katika ukomunisti ikaanza kupasuka.

Ufaransa ikawa haina kazi nyingi kwake katika kipindi hicho, na ukame huo ndio uliompeleka Uingereza. Mwongozaji Jack Clayton alikuwa akitayarisha Room at the Top, kutokana na riwaya ya John Braine ya 1957, hadithi ya kijana maskini wa kaskazini mwa Uingereza anayetaka kupanda ngazi kwa njia ya ndoa. Anampenda Alice Aisgill, mwanamke aliyeolewa na aliyemzidi umri, kisha anamwacha kwa ajili ya binti wa tajiri. Riwayani Alice ni Mwingereza. Kwa ajili ya Signoret walimfanya Mfaransa. Badiliko hilo liliiongezea filamu uzito, kwa kuwa Alice sasa ni mgeni katika mji wa viwanda vya nguo na masengenyo, mtu asiye na ndugu wa kumkimbilia. Signoret alikuwa na miaka 37. Hakufichwa mikunjo, wala hakupigwa picha kupitia vitambaa vya kulainisha uso kama ilivyokuwa desturi kwa waigizaji wa kike waliokaribia miaka 40. Laurence Harvey, aliyeigiza kijana yule, anazungumza sana. Signoret anasikiliza, na filamu nzima inaegemea usikilizaji huo.

Ilipotoka mwaka 1959, ilimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kike huko Cannes na BAFTA ya tatu. Mwaka huohuo Wamarekani walimruhusu Montand kuingia New York kuimba Broadway, na mkewe akafuatana naye. Aprili 1960 Signoret aliketi katika ukumbi wa Hollywood akishindana na Katharine Hepburn, Audrey Hepburn, Elizabeth Taylor na Doris Day, na Oscar ikaenda kwake, kwa filamu ndogo ya Kiingereza. Mwanamke ambaye muda mfupi kabla alinyimwa viza kwa sababu ya saini yake alipigiwa makofi na ukumbi mzima. Miezi michache baadaye, Septemba 1960, alitia saini nyingine: Tamko la watu 121, lililotetea haki ya vijana wa Kifaransa kukataa kupigana nchini Algeria. Serikali ilijibu kwa kuwafungia waliotia saini milango ya redio na televisheni ya taifa. Mtu mwenye Oscar mpya mkononi angeweza kunyamaza, yeye hakunyamaza.

Miaka ya 1960 aliitumia kwa kuvuka mipaka ya nchi na vyombo. Alicheza na Laurence Olivier katika Term of Trial (1962). Aliitafsiri mwenyewe kwa Kifaransa tamthilia ya Lillian Hellman iitwayo The Little Foxes na kuigiza ndani yake mjini Paris mwaka huohuo. Katika Ship of Fools ya Stanley Kramer (1965) alikuwa mwanamke wa tabaka la juu anayesafirishwa gerezani, aliyezoea dawa za kulevya na kumpenda daktari wa meli mwenye ugonjwa wa moyo; alipendekezwa tena kwa Oscar. Mwaka 1966 alipata tuzo ya Emmy kwa A Small Rebellion, tamthilia fupi ya televisheni ya Marekani. Waigizaji wa filamu wa wakati ule waliiona televisheni kuwa chombo cha kushukia wakati mambo yamekwama, lakini Signoret aliichukulia kama jukwaa jingine. Si kila alichojaribu kilifaulu. Mwaka huohuo wa 1966 aliigiza Lady Macbeth katika ukumbi wa Royal Court, London, akiwa na Alec Guinness, na wahakiki walimshambulia vikali. Kiingereza cha Shakespeare hakikukaa vema kinywani mwake. Kushindwa huko kunapaswa kutajwa, kwa sababu kunaonyesha alivyokuwa radhi kujiweka hatarini.

Aliporudi kwenye filamu za Kifaransa mwishoni mwa muongo huo, alikuwa mtu mwingine machoni. Uso ulikuwa umevimba, mwili umenenepa, sauti imekwaruzwa na sigara. Magazeti yaliandika kwa mshangao, mara nyingi kwa ukatili, kuhusu uzuri uliopotea. Wengine wangejificha au kukimbilia madaktari wa sura. Signoret aliupeleka uso ule moja kwa moja mbele ya kamera, na hapo ndipo ilipoanza sehemu kubwa zaidi ya kazi yake.

Katika L'Armée des ombres (1969), Jean-Pierre Melville alimpa nafasi ya Mathilde, mama wa nyumbani wa Paris ambaye ni kiongozi hodari wa harakati za siri dhidi ya Wajerumani. Filamu hiyo ilitokana na kitabu cha Joseph Kessel. Mathilde ana udhaifu mmoja: anatembea na picha ya binti yake. Anaonywa aiondoe, haiondoi, na Gestapo, polisi wa siri wa Wajerumani, wanapomkamata picha hiyo ndiyo wanayoitumia kumbana. Wenzake wanaamua afe. Wanapomkaribia barabarani na kumpiga risasi kutoka kwenye gari, anawatazama kwa sekunde chache, na katika mtazamo huo mna kuelewa, mshangao, labda hata ridhaa. Mwanamke huyu aliyewahi kupiga taipu katika gazeti la wasaliti aliiigiza nafasi hiyo bila kujitia ushujaa hata kidogo.

Mwaka uliofuata alikuwa na Montand katika L'Aveu ya Costa-Gavras, kisa cha kweli cha Artur London, kiongozi wa kikomunisti wa Czechoslovakia aliyeteswa na chama chake mpaka akakiri makosa ambayo hakuyatenda. Signoret ni mkewe, Lise, ambaye kwanza anakiamini chama kuliko mume wake. Kwa wanandoa waliowahi kusimama karibu sana na chama hicho, filamu hiyo ilikuwa hesabu waliyojifanyia hadharani.

Kisha ikaja Le Chat (1971) ya Pierre Granier-Deferre, kutoka kwa riwaya ya Georges Simenon. Mume na mke wazee wanaishi katika nyumba iliyozungukwa na ubomoaji wa mtaa. Hawasemezani, huandikiana vikaratasi, na mume ameyahamishia mapenzi yake kwa paka. Jean Gabin, aliyemwigiza mume, alimzidi Signoret miaka 17, lakini hakuna anayetilia shaka kwamba hao wamezeeka pamoja. Clémence aliwahi kuwa msarakasi, sasa anachechemea na kunywa pombe. Siku anapomuua paka, Signoret hatafuti huruma ya mtazamaji, na hata hivyo anaipata. Tamasha la Berlin liliwapa wote wawili tuzo za uigizaji. Mwaka huohuo, katika La Veuve Couderc, alikuwa mjane wa shamba anayempa hifadhi mtoro wa gereza aliyeigizwa na Alain Delon, mwanamume mzuri kuliko wote katika sinema ya Ufaransa wakati huo. Mapenzi yao yanaaminika kabisa.

Kilele kilikuwa La Vie devant soi (1977). Riwaya yake, iliyotolewa kwa jina la Émile Ajar, ambalo nyuma yake alijificha Romain Gary, ilishinda tuzo ya Goncourt mwaka 1975. Moshé Mizrahi, mwongozaji aliyezaliwa Alexandria, Misri, alimpa Signoret nafasi ya Madame Rosa, kahaba mstaafu, Myahudi aliyenusurika Auschwitz, ambaye hulea watoto wa makahaba wengine katika mtaa wa Belleville. Anaishi juu kabisa ya jengo lisilo na lifti, na kila ngazi ni adhabu kwa moyo wake. Kipenzi chake ni Momo, mvulana Mwislamu mwenye asili ya Algeria, ambaye Rosa anahakikisha analelewa katika dini yake. Signoret, mwenye miaka 56, alijiongezea unene na uzee kwa mavazi na vipodozi. Watazamaji waliwaona ndani yake Marie na Dédée, kana kwamba wanawake wale wa bandarini na wa vilabuni wameishi mpaka huku. Filamu ilipata Oscar ya filamu bora ya kigeni, na Signoret akapewa César, tuzo ya juu ya sinema ya Ufaransa.

Mwaka 1978 Wafaransa walimpata sebuleni mwao. Madame le juge, mfululizo wa vipindi sita, ulimweka katika kiti cha hakimu ambaye kwa sheria za Ufaransa huendesha uchunguzi wa kesi kabla haijafika mahakamani. Waongozaji walikuwa mbalimbali, Claude Chabrol miongoni mwao. Kazi ya hakimu wa namna hiyo ni kuuliza na kusikiliza, na hapana aliyesikiliza mbele ya kamera kama Signoret. Mwaka 1983 alirudi kwenye televisheni kama Thérèse Humbert, tapeli wa kweli aliyekopa mamilioni kwa miaka kwa kudai ana urithi ndani ya kasha la chuma. Kasha lilipofunguliwa mwaka 1902, halikuwa na kitu cha maana. Ni mwaka uleule wa kisa cha Casque d'or. Akiwa na miaka 31 Signoret alionekana kwenye sinema kama mwanamke mmoja aliyeishangaza Paris ya 1902, na akiwa na miaka 62 akamwigiza mwingine.

Uandishi ulikuwa umekwisha kuingia katika maisha yake. La nostalgie n'est plus ce qu'elle était (1976), kumbukumbu zilizoanzia kwenye mazungumzo yaliyorekodiwa na mwandishi Maurice Pons, zilisomwa na watu wengi sana, nazo ni miongoni mwa vitabu vya ukweli zaidi vilivyowahi kuandikwa na mwigizaji. Mwaka 1982 alisafiri na mwanafalsafa Michel Foucault na daktari Bernard Kouchner hadi Warsaw, katika msafara wa kupeleka dawa Poland iliyokuwa chini ya utawala wa kijeshi. Mwaka 1985 alichapisha riwaya, Adieu Volodia, kuhusu familia za Kiyahudi zilizohamia Paris kutoka Ulaya ya Mashariki, yaani watu wa upande wa baba yake, aliochelewa kuwaandika. Mwaka huohuo sauti yake ilisikika katika filamu ya Mosco Boucault kuhusu wahamiaji waliopigana dhidi ya Wajerumani mjini Paris, iliyooneshwa kwenye televisheni baada ya mabishano makali.

Macho yalikuwa yamefifia. Alipoigiza Music Hall, kazi yake ya mwisho kwa televisheni, chini ya mwongozaji Marcel Bluwal, alikuwa karibu kipofu. Alifariki kwa saratani tarehe 30 Septemba 1985 nyumbani kwake Autheuil, Normandy, akiwa na miaka 64. Alizikwa katika makaburi ya Père Lachaise, Paris, na Montand alilazwa kando yake mwaka 1991. Anayetaka kumjua aitazame Casque d'or kwanza, na usiku huohuo aitazame Le Chat. Kati ya nyuso hizo mbili ipo miaka 19, na hakuna hata mmoja aliojaribu kuuficha.